Kitambaa Chetu Kilikotoka



Sisi akina mama wa kushona na wa batiki tunashinda na kitambaa kutwa. Basi katika kutimiza miaka 10 tumeona tueleze kidogo historia yake, maana bei ya doti tunaijua wote, lakini gharama yake kwa ardhi hatuijui.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa pamba ndiyo dhahabu nyeupe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilijitahidi kujenga viwanda. Cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Tulivaa nguo za pamba yetu wenyewe. Lakini shambani wazazi walipulizia dawa kali bila kinga yoyote.

Miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa na viwanda vingi vikadorora. Mitumba ina faida yake, kwani nguo ikivaliwa tena haidai pamba mpya. Ila mkulima na mfumaji wetu walipungukiwa soko.

Mwaka 1994, kule Meatu, wakulima walianza pamba ya kilimo hai pamoja na kampuni ya Remei ya Uswisi. Hawapulizi sumu. Wanapanda alizeti kati ya pamba ili wadudu wavutwe huko, na wanatia samadi. Mnunuzi naye akaongeza bei. Hapo ndipo penye siri: mkulima mwenye ada za watoto haachi dawa kwa kuhubiriwa tu, anaacha akijua atauza.

Na rangi je? Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwenye nguo baadhi ya rangi za azo zinazoweza kuleta saratani. Sheria ile inamlinda mvaaji wa kule. Mama anayechovya batiki uani huku, nani atamlinda?

Ni sisi wenyewe. Ndiyo maana kwetu mkopo wa batiki hautoki mpaka mama awe na glavu za mpira na pahali pa kumwaga maji mbali na kisima. Wapo wanaonung'unika kwamba tunachelewesha. Jamani, hata Meatu hawakugeuka kwa msimu mmoja, wala hawakugeuka mmoja mmoja. Hisa tunanunua kila wiki. Na maji ya kisima tuyahesabu kuwa akiba ya watoto wetu.



Mwenyekiti