Ningu na Mafuriko ya Mito

Samaki wengi wa Ziwa Victoria huzaa humo humo ziwani, wala hawana haja na mto. Ningu si hivyo. Mvua za masika zinyeshapo, na maji ya Nzoia, Yala na Kagera yakijaa na kuwa mekundu kwa udongo, huliacha ziwa akapanda mto kwa makundi. Atafutacho ni nyasi za kando zilizofunikwa na mafuriko. Hapo hutaga mayai, nayo huanguliwa upesi, maana maji hayangoji. Wachanga hujificha majanini mpaka mto urudipo katika kingo zake. Nembe na domodomo nao hupanda, hata kuyu, ila yeye hutaka changarawe na maji ya kasi huko juu. Kwa hiyo mto ujaao na kupungua kwa majira yake hulea samaki wa namna nyingi kuliko mto wenye kimo kimoja mwaka mzima.

Wazee wa Kiluo waliyajua majira hayo vema. Walifunga mto kwa wigo wa fito na mitego ya kusuka. Lakini gharika kubwa iliushinda wigo, na ningu wakapita.

Mwaka 1905 nyavu za kutega za Kizungu zilifika katika Ghuba ya Winam, iliyoitwa Kavirondo zamani hizo. Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham aliuchunguza uvuvi wa ziwa zima, akashauri tundu za nyavu zisipungue inchi 5. Shauri hilo lilimfaa ngege. Ningu ni mdogo. Nyavu zake zilikuwa za tundu ndogo, tena zilitandazwa pale pale mdomoni mwa mto, siku zile zile za mafuriko, naye samaki mwenye mayai akakamatwa kabla hajazaa. Twadhani kosa lilikuwa hapo hasa, zaidi ya wingi wa nyavu. Ilipofika miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka.

Baadaye matuta yalijengwa kando ya Nzoia, huko Budalang'i, ili kuwalinda watu na mashamba yao. Hatuwalaumu waliojenga, aliyeona nyumba yake ikichukuliwa na maji hawezi kuulizwa habari za ningu. Lakini tuta lizuialo maji yasiingie shambani humzuia na samaki asifike nyasini.

Ningu wangaliko, ingawa wachache, na mito ijaapo hupanda vilevile.