Bomba Lililotoroka

Baba yangu mdogo alinunua Yamaha kuukuu iliyowahi kuwa ya bwana shamba, akaipandisha hadi Tingi akipiga honi kila kona. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ilikuwa bado ya udongo, na pikipiki pale kijijini zilihesabika kwa vidole. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili. Bomba lake la moshi lilikuwa na tumbo: jembamba lilipotoka kwenye injini, nene katikati, jembamba tena mkiani.

Kutu ilipotoboa lile tumbo, fundi alilikata lote akachomelea bomba nyoofu. “Sasa moshi unatoka moja kwa moja,” alisema. “Itakimbia hii.” Kweli ilinguruma, nasi watoto tuliifuata mbio. Lakini ilipobebeshwa gunia la kahawa, mlimani ilikata pumzi. Baba mdogo alishuka akaisukuma. Baada ya miezi michache aliiuza kwa bei ya chuma chakavu, akiamini injini imekufa. Fedha ile ilikuwa ya mavuno ya misimu miwili.

Miaka mingi baadaye, nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, nilikutana vitabuni na Walter Kaaden. Alizaliwa mwaka 1919 huko Saxony, Ujerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mhandisi katika kampuni ya Henschel, kwenye kazi ya mabomu yaliyosukumwa kwa roketi. Vita vilipokwisha alirudi kwao, na mwaka 1953 akapewa idara ya mbio ya kiwanda cha pikipiki kilichoitwa baadaye MZ, katika mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani Mashariki. Fedha hazikuwepo na vyuma vizuri havikupatikana. Akakaa na bomba la moshi.

Injini ya mipigo miwili ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Hewa mpya yenye petroli huingia kwenye silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu yake hutoroka pamoja na moshi kabla haijaungua. Kaaden hakuwa wa kwanza kuweka tumbo kwenye bomba, lakini ndiye aliyelipima kwa subira kuliko wote. Moshi ukitoka hutanguliwa na wimbi la mgandamizo. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi kama mvuto na kusaidia kunyonya moshi uliobaki. Likifika mahali bomba linaposinyaa, hurudi kama msukumo, na kuirudisha silindani ile hewa iliyotoroka, sekunde chache mno kabla tundu halijafungwa. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa kweli. Urefu ukikosewa kidogo, wimbi huchelewa. Kufikia mwaka 1961, injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita. Hakuna injini ya namna yake, isiyosindiliwa hewa kwa mashine, iliyokuwa imefika hapo.

Dereva wake bora alikuwa Ernst Degner. Mwezi Agosti mwaka huo ukuta ulianza kujengwa Berlin. Mwezi Septemba, Degner akiongoza ubingwa wa dunia, walikwenda kushindana Kristianstad, Sweden. Injini yake iliharibika mbioni. Hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamevushwa kwenda Magharibi, wamefichwa kwenye buti ya gari.

Degner alikwenda Suzuki, Japani, na alichokijua kuhusu injini za Kaaden kilikwenda naye. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia wa cc 50, na huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Suzuki. Mwaka uliofuata aliungua vibaya katika ajali kwenye uwanja wa Suzuka, ambako kona moja inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kaaden alibaki upande wa ukuta. MZ haikupata ubingwa wa dunia hata mara moja. Lakini tumbo la bomba liliingia katika pikipiki za kawaida za Japani, zikapakiwa melini, na mojawapo ikafika kwa bwana shamba wetu.

Bomba lilifika, maelezo yakabaki njiani. Simlaumu yule fundi. Aliona tundu la kutolea moshi, na tundu likizibwa na kutu hufunguliwa. Nani alimwambia kwamba lile tumbo lilikuwa nusu ya injini?

Siku hizi vijana wanakata sailensa za bodaboda wakiiga magari ya mbio. Hizo ni injini za mipigo minne, zenye valvu, kwa hiyo hasara yake si kubwa kama ile ya Yamaha. Lakini hata anayeandaa gari la michezo kwa uwanja wa mbio haishii kutoa sailensa. Hupima urefu wa kila bomba kutoka kila silinda hadi yanapoungana, ili wimbi la moja lisiizuie nyingine kupumua. Anayekata kwa msumeno bila kupima hupata kelele, na kelele hudanganya sikio kwamba kasi imeongezeka.

Juzi nilimpigia baba mdogo. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua na kahawa, kisha nikamsimulia habari za Zschopau.

“Kwa hiyo injini ilikuwa nzima?” akauliza.

“Ilikuwa nzima, baba mdogo.”

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

“Mimi miaka yote hii,” akasema, “nilidhani niliibebesha mno.”