Springi ya mbele huchaguliwa na barabara

Leo naingia kwenye historia, ila ni historia ya chini ya gari. Kwetu Kibondo na Kasulu, kuanzia Murungu mpaka mpakani, gari ikianza kugonga chini mbele dawa ni moja: ongeza chuma, springi iwe ngumu. Mimi nadhani mbio za magari za hapa hapa Afrika Mashariki zilishatufundisha vingine.

Tuanzie 1953. Mwaka ule, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilianzishwa mbio za Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo zilizokuja kuitwa Safari Rally. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, kwa hiyo springi uliichagua siku ya kununua gari.

Mwaka 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda na kigari kidogo, Volkswagen Beetle. Beetle ikashinda tena 1957 na 1962. Siri yake moja ilikuwa mbele. Vyuma bapa vyembamba vilifungwa ndani ya mabomba mawili yaliyolala kutoka kulia kwenda kushoto. Gurudumu likipanda jiwe, vyuma vinajisokota, halafu vinalirudisha chini. Gurudumu la pili halina habari. Kwenye Land Rover za enzi hizo, ekseli moja ilibeba magurudumu yote mawili ya mbele juu ya springi za bapa, hivyo jiwe la kushoto lilimtikisa na wa kulia.

Ikaja Peugeot 404. Ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Mbele 404 ilikuwa na springi za koili zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Haikuwa gari ngumu, ilikuwa gari inayokubali shimo. Mwaka 1968, kwenye mvua na matope, yaliondoka magari 93 yakamaliza 7. Mbele yao wote ilikuwa 404.

Sasa usikimbilie kusema springi za bapa ni takataka. Joginder Singh alishinda 1974 na Mitsubishi Lancer iliyokuwa na koili mbele na bapa nyuma. Nyuma kuna mzigo, mbele kuna usukani. Kazi ni mbili tofauti.

Hapo ndipo penye somo. Tairi linashika njia pale tu linapogusa ardhi. Springi ya mbele ikiwa ngumu mno, tairi linarukaruka juu ya makorongo, unakata kona gari inakwenda moja kwa moja. Ikiwa laini mno, inagonga chini na kuvunja vitu. Unatafuta iliyo laini kadiri inavyowezekana bila kugonga, halafu shokapu nzima ya kuituliza.

Hata viwanda vilifika huko taratibu. Land Rover ilileta koili kwenye modeli ya One Ten mwaka 1983. Land Cruiser za kazi ziliendelea na bapa mbele hadi 1999. Kwa hiyo wakati wakimbizi wa Burundi walipomiminika mkoani kwetu baada ya Oktoba 1993, Land Cruiser za aina hiyo bado zilikuwa na springi za bapa mbele.

Kwetu hili si suala la vikombe. Barabara kuu zinapata lami, lakini za vijijini bado ni udongo, na gari ya wagonjwa inapita huko na mama mwenye uchungu ndani. Fundi anayeongeza chuma mbele bila kuuliza gari inabeba nini na inapita wapi, anamwongezea mama yule kilomita.

Kwa hiyo kabla ya kununua springi, itazame kwanza barabara yako.