Kelele Nilizotaka Kuzifuta

Usiku mmoja maabara nilikaribia kufuta data zangu. Nilikuwa napima utando wa nikeli na chuma, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Nilitarajia usumaku wake ukigeuka unichoree mstari laini. Ulinichorea ngazi. Nikadhani ni kelele za mashine.

Historia ndiyo iliyonizuia. Mwaka 1907 Pierre Weiss alidai kwamba ndani ya chuma mna maeneo madogo, kila moja tayari ni sumaku. Chuma huonekana hakina nguvu kwa sababu maeneo hayo yameelekea pande tofauti na kubatilishana. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Mwaka 1919, Mjerumani Heinrich Barkhausen alizungushia chuma koili, akaiunganisha na amplifaya, akasogeza sumaku polepole. Akasikia mikwaruzo: usumaku ulikuwa unageuka kwa kurukaruka. Mwaka 1931 Francis Bitter alitandaza unga laini wa sumaku juu ya chuma, nao ukajikusanya kwenye mipaka ya maeneo yale. Hatimaye yakaonekana.

Leo tunajua kwamba mipaka hiyo husogea, hunasa kwenye kasoro ndogondogo, kisha hujinasua ghafla.

Nikapima tena. Vidato vilitokea pale tu usumaku ulipokuwa unageuka; utando wote ulipokwisha kuelekea upande mmoja, mstari ulitulia. Kelele za mashine zisingejua kunyamaza wakati huo.

Sikuvifuta. Sasa ndivyo sura ya tatu ya tasnifu yangu.