Waliovuka Mpaka wa Jinsia Kando ya Ziwa: Nani Aliyewaandika?

Ahero ni mji wa njia panda. Anayeshuka kutoka Kericho hufika hapa akiwa ameiacha nchi ya chai nyuma yake; barabara ya Kisii huchepuka kuelekea kusini kupitia Sondu, nayo ya Kisumu huendelea magharibi hadi ziwani. Kaskazini, ng'ambo ya mashamba ya mpunga na miwa ya nyanda za Kano, umesimama ukuta wa milima ya Nandi. Sokoni hukutana Mluo, Mkisii na Mnandi, kila mmoja na bidhaa zake na desturi zake kuhusu nani huoa, nani hurithi na nani huitwa mwanamume. Mtu akitaka kujua eneo hili liliwaelewa vipi watu waliovuka mpaka wa jinsia, naona njia panda hii ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu majibu ya majirani hawa watatu hayafanani yote.

Jibu lililoandikwa zaidi ni la Wanandi. Mwaka 1909, miaka 4 baada ya Koitalel arap Samoei kupigwa risasi na Waingereza, A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake juu ya Wanandi. Katika maelezo ya jando na unyago alirekodi jambo ambalo wasomaji wake wa Ulaya hawakulitarajia: vijana wa kiume wakikaribia kutahiriwa walivishwa nguo na mapambo ya wasichana, na wasichana nao, zamu yao ilipofika, walivaa mavazi ya wanaume. Mavazi hayo yalikuwa ya muda. Kijana aliingia katika jinsia ya pili kabla ya kufungiwa rasmi katika ya kwanza, na jamii nzima ikashuhudia. Hollis hakuuliza maswali mengi. Alihesabu, akaorodhesha, akaendelea na mafumbo na hadithi za wanyama.

Jambo la kudumu zaidi lilikuwa ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Ili kuielewa lazima kwanza uielewe nyumba ya Mnandi. Katika boma la mitala kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na fungu lake la ng'ombe na ardhi. Fungu hilo lilirithiwa na wana wa kiume wa nyumba hiyo. Mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume alijua kwamba akifa mali yake itachukuliwa na wana wa wake wenza au na jamaa wa mumewe. Dawa ilikuwa kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa msichana. Msichana huyo alizaa na mwanamume wa kumchagua, lakini watoto hawakuwa wa mwanamume huyo. Walikuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari, ambaye tangu siku hiyo alihesabiwa kuwa mume.

Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler alifanya utafiti Nandi miaka ya 1970, na mwaka 1980 akachapisha makala ambayo kichwa chake ni swali: je, mume wa kike ni mwanamume? Jibu lake lingali na uzito. Watu walimwambia bila kusita kwamba mwanamke huyo amepandishwa cheo, sasa ni mwanamume, hastahili tena kazi za kike. Alipokaa nao akaona mengine. Waume wengi wa kike waliendelea na kazi walizozifanya zamani, na si wote waliokwenda kuketi na wazee katika mambo ya wanaume. Uanaume wao ulishika pale tu palipohusu mali na urithi. Hapo hakuna aliyethubutu kuutilia shaka. Tena wenyewe walikana kabisa kwamba kulikuwa na mapenzi ya kimwili kati ya wanandoa hao.

Hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa, kwa pande zote mbili. Wapo wanaomchukua mume wa kike wa Nandi na kumfanya mhenga wa kila mwanamke anayempenda mwanamke leo, na wapo wanaosema desturi hiyo ilikuwa ya mali tu, basi haina la kutufundisha juu ya jinsia. Mimi siridhiki na upande wowote. Mama yule hakuwa transjenda kwa maana tunayoitumia sasa, na si haki kumbatiza jina asilolijua akiwa kaburini. Lakini jamii iliyoweza kumpa mwili uliozaliwa wa kike cheo cha baba na mume, kwa sherehe na ng'ombe na mashahidi, haikuamini kwamba uanaume unatoka tumboni mwa mama na kuishia hapo.

Wakisii na Wakuria wana ndoa za namna hiyo, na ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Mara nchini Tanzania, Wakuria wenzao huziita nyumba ntobhu. Waluo wa Kano walilitatua tatizo la mrithi zaidi kwa njia ya tero, yaani kumrithi mjane ili aendelee kuzaa kwa jina la marehemu. Kwao mpaka wa jinsia ulionekana zaidi katika maombolezo na katika muziki. Mjane wa Kiluo alivaa nguo za marehemu mumewe, mara nyingi koti lake, akatembea nalo mbele za watu hadi kipindi cha msiba kiishe. Nyatiti nayo, kinanda cha nyuzi 8, ilikuwa ya wanaume: mpigaji huketi chini, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akiugonga mti wa chombo huku akiimba sifa za watu. Mwanamke hakuruhusiwa. Aliyejulikana kwa kuuvunja mwiko huo hakuwa binti wa Kiluo, alikuwa Mjapani, Eriko Mukoyama, aliyefunzwa Siaya na mzee Okumu K'Orengo na kupewa jina la Anyango. Kuna kejeli hapo: ilikuwa rahisi kwa wazee kumfungulia mgeni mlango waliokuwa wameufunga kwa binti zao. Leo Suzanna Owiyo, mzaliwa wa Nyakach jirani na Ahero, ambaye babu yake alikuwa mpigaji, hutumia sauti ya nyatiti katika nyimbo zake na hakuna anayepiga kelele.

Pwani imeandikwa zaidi kuliko ziwa. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza vyama vya lelemama, ambamo wanawake walijipa vyeo na kushindana ngomani. Baadaye Gill Shepherd na Deborah Amory waliandika juu ya mashoga na wasagaji wa Mombasa na Zanzibar na nafasi yao katika sherehe za harusi. Kwa ziwa hakukuwa na kazi za namna hiyo. Huku wasomi waliitafuta ndoa, si ngoma.

Sheria ilifika kabla ya wasomi. Mwaka 1897 Uingereza ilileta katika himaya yake ya Afrika Mashariki Sheria ya Adhabu ya India, iliyotungwa 1860, pamoja na kifungu chake cha kujamiiana kinyume cha maumbile. Mwaka 1930 koloni lilipata sheria yake yenyewe, na makatazo ya namna hiyo yakaingia humo. Ndiyo yaliyomo katika vifungu 162 na 165 ambavyo Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Katiba ya 2010 nayo inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoa mtu wa jinsia nyingine. Hata hivyo mwaka 2011, katiba hiyo ikiwa haijatimiza mwaka, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa alitambua ndoa ya Kinandi ya mwanamke kwa mwanamke katika kesi ya mirathi, akategemea utamaduni ambao katiba hiyohiyo imeukumbatia. Wanasheria wanaweza kuzipatanisha hukumu hizo mbili. Msomaji wa kawaida ataona tu kwamba dola linajua kabisa desturi hiyo ipo, na huitaja panapohusika shamba na nyumba.

Kwa wanaume wa Kisumu wanaowapenda wanaume, au wanaopenda jinsia zote mbili, kalamu ya kwanza kuwaandika kwa wingi ilikuwa ya daktari. Katikati ya miaka ya 2010 utafiti wa Anza Mapema uliandikisha wanaume zaidi ya 700 mjini Kisumu, kwa lengo la kuzuia na kutibu virusi vya ukimwi. Wengi miongoni mwao walikuwa pia na wapenzi wa kike, na baadhi walikuwa na wake. Kwa historia hilo ni jambo kubwa, kwani linamtoa mpenda jinsia mbili kwenye ukingo wa hadithi na kumweka katikati. Lakini limetufikia kwa lugha ya vipimo vya damu. Walichokiimba wanaume hao, walichokivaa siku ya sherehe, namna walivyojuana gizani, hayo hayakuwa kwenye dodoso.

Aliyeamua kujiandika mwenyewe alipitia Maseno, safari fupi kutoka Kisumu. Audrey Mbugua alisomea sayansi na teknolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Maseno, na alipohitimu akakuta kwamba vyeti vyake vinamsema mtu ambaye waajiri hawakumwona mbele yao: jina la kiume, sura ya kike. Alikuwa mmoja wa viongozi wa shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo serikali ilikataa kulisajili mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru lisajiliwe mwezi Julai 2014. Oktoba mwaka huohuo Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani la Kitaifa libadili jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne na kuondoa alama ya jinsia. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi na ndiyo iliyoishinda serikali: hakuna sheria inayodai cheti cha mtihani kionyeshe jinsia, kwa sababu alama za hesabu hazitegemei jinsia. Maandishi ya Mbugua mwenyewe ni makali, yenye mzaha mchungu, na mara nyingi aliwagombeza hata wanaharakati wa mashoga kwa kumweka katika kapu lao bila kumuuliza. Ugomvi huo ni sehemu ya historia pia, na ungefaa kusomwa na kila anayedhani kwamba watu hawa ni kundi moja lenye sauti moja.

Wasanii walikuja karibu pamoja naye. Mwaka 2013 kundi la Nest la Nairobi lilianza kukusanya simulizi za mashoga, wasagaji na watu transjenda kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baadhi zikageuzwa kuwa filamu tano fupi za rangi nyeusi na nyeupe, Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu na kuonyeshwa Toronto Septemba 2014. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ikaipiga marufuku mwezi uliofuata, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa kosa la kutengeneza filamu bila leseni. Miaka 4 baadaye filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikutwa na marufuku hiyohiyo, ingawa mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na watu wakajaza kumbi. Cleopatra Kambugu, mwanamke transjenda kutoka Uganda, alihamia Kenya baada ya gazeti la kwao kumwanika mwaka 2014. Maisha yake yamo katika filamu ya The Pearl of Africa ya 2016.

Kazi ninayoipenda kuliko zote hizo haina skrini. Kawira Mwirichia, aliyefariki 2020, alibuni kanga, moja kwa kila nchi, kila moja ikiwa na picha na msemo wa kusherehekea mapenzi ya jinsia moja katika nchi hiyo, na mwaka 2017 akazitundika katika Goethe-Institut jijini Nairobi. Kila anayejua kanga ataelewa ujanja wake. Kanga ndiyo nguo ambayo mwanamke hupeleka ujumbe nayo bila kufungua mdomo, na hakuna bodi ya uainishaji inayokagua maandishi ya kanga.

Upinzani nao una makao yake ziwani. Mahakama ya Juu ilipoamua Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Mashoga na Wasagaji ina haki ya kusajiliwa kama shirika, aliyejitokeza na mswada wa kukaza adhabu alikuwa Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini. Aliuita mswada wa kulinda familia. Familia ipi, ya Hollis au ya Oboler, hakueleza.

Kwa upande wa wasomi, ukoo wa Nyong'o wa Kisumu, uliomtoa gavana wa kaunti hiyo pamoja na mwigizaji Lupita, una pia Tavia Nyong'o, profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Yale. Kitabu chake Afro-Fabulations, cha 2018, kinahusu wasanii weusi, hasa wa Marekani, wanaobuni kumbukumbu pale ambapo nyaraka zimewanyima nafasi. Keguro Macharia, Mkenya aliyeandika Frottage mwaka 2019, amekuwa akilalamika kwa miaka kwamba watafiti wa nje hufika Afrika wakitafuta ushahidi badala ya kutafuta wenzao wa kufikiri nao.

Malalamiko hayo alikuwa tayari ameyajibu, kwa njia yake, msomi na msanii wa maonyesho Neo Musangi. Mwaka 2018 alichapisha makala juu ya mama yake na jinsi wanawake wa ukoo wake walivyooa wanawake. Hakuuliza kama mume wa kike ni mwanamume. Aliuliza nyumba ile ilimfanyaje yeye, aliyelelewa ndani yake, ajione nyumbani katika mwili usiotaka kuchagua upande. Swali hilo halikuwahi kuulizwa na ofisa, jaji wala daktari, kwa kuwa kila mmoja wao alibisha hodi kutoka nje. Makala yenyewe ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la Marekani, na wake wa kina mama wale walioolewa Nandi, Kisii na Kuria, ambao wengine wao bado wako hai, hawajasimuliwa kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.