Kutafuta Neno: Historia Fupi ya Mitambo ya Kutafutia Habari, kwa Mifano ya Dodoma na Nyanda za Kati

Wahenga walinena kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Methali hiyo yachukulia kwamba kitu kitafutwacho kipo, na kwamba bidii ya mtafutaji ndiyo itakayoamua kama atakipata au atakikosa. Katika kutafuta maneno, mambo hayaendi hivyo siku zote. Neno laweza kuwamo katika maandishi, limepigwa chapa wazi wala halikufutika, na bado mtafutaji mwenye bidii asilione, kwa sababu chombo anachokitumia hakikuundwa kwa ajili ya lugha ya neno hilo.

Makala haya yaeleza kwa ufupi jinsi vyombo vya kutafutia maneno vilivyokuja vikafuatana, tangu kamusi hata mitambo ya intaneti. Hoja yake ni moja: kila chombo cha kutafutia kina ndani yake rai juu ya swali la zamani la wanaisimu, yaani neno ni nini. Kwa hiyo mitambo hiyo yafaa ilinganishwe kwanza kwa rai hiyo, kabla ya kulinganishwa kwa wepesi wake au kwa wingi wa kurasa ilizozisoma. Mifano mingi imechukuliwa Dodoma na nyanda zinazouzunguka mji huo. Huko ndiko Bunge la Tanzania linakokutana na kunena kwa Kiswahili, na huko huko zinasemwa lugha za nasaba mbalimbali: Kigogo na Kirangi za jamii ya Kibantu, Kiburunge na Kialagwa za jamii ya Kikushi, na Kisandawe chenye sauti za vidoko.

Kabla ya mashine, chombo cha kutafutia kilikuwa kamusi. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alifuata njia ya shina katika kamusi iliyochapishwa mwaka 1939 baada ya kufa kwake. Mtu aliyetaka neno mpishi alipaswa kulitafuta chini ya pika. Njia hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa mwanachuoni, kwa kuwa jamaa wote wa neno walikaa nyumba moja. Lakini ilimdai msomaji alijue shina kabla hajalipata neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ilishika njia nyingine: mpishi akawekwa katika herufi M, kama anavyotamkwa na kuandikwa. Msomaji wa kawaida alipata nafuu, ingawa jamaa wa neno walitawanyika. Hapana hata moja kati ya njia hizo inayoweza kuitwa kosa. Kila moja ilitokana na uamuzi, na uamuzi huo ulifanywa na watu walioijua lugha.

Mitambo ya kutafutia katika kompyuta haikuanza hivyo. Mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, aliunda mtambo ulioitwa Archie. Huo ulikusanya majina ya majalada tu, wala haukusoma yaliyoandikwa ndani yake. Mwaka 1994 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianzisha Yahoo, ambayo kwanza ilikuwa orodha ya tovuti zilizopangwa na watu kwa mafungu, mfano wa maktaba inavyopanga vitabu. Kisha, mwezi wa Desemba 1995, ikaja AltaVista, iliyosoma kurasa zenyewe na kuweka kila neno katika faharasa yake. Hapo ndipo tatizo la lugha lilipojidhihirisha.

AltaVista ilimruhusu mtafutaji aandike mwanzo wa neno, herufi zisizopungua tatu, kisha nyota mahali pa herufi zilizobaki. Kwa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, hiyo ilikuwa hila nzuri. Na tuseme sasa kwamba mtu alitaka habari za kuhamia Dodoma, jambo lililoamuliwa mwaka 1973, likatiwa nguvu upya mwaka 2016, na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 2018. Kama angaliandika ham na nyota, angaliletewa hama, hamia na hamisha. Lakini pamoja nayo angaliletewa hamu, hamira, hamali na hamsini. Kuhama asingaliliona. Wala asingaliona wamehama, tutakapohamia, uhamisho, wala wahamiaji, kwa sababu maneno hayo yote yameficha shina lake nyuma ya viambishi. Kwa ufupi, mtambo ulimletea wageni na ukawaacha ndugu nje.

Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilishinda mitambo mingine kwa fikira tofauti: kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zilizo na heshima, ndio ustahilio kutangulia. Fikira hiyo ilihusu cheo cha ukurasa, haikuhusu umbo la neno. Katika miaka yake ya kwanza mtambo huo ulitafuta neno kama lilivyoandikwa tu. Kwa msomaji wa Kiswahili maana yake ilikuwa kwamba kuhama na wamehama ni maneno mawili yasiyojuana.

Ingefikiriwa kwamba udhaifu huo hauepukiki, lau isingalikuwapo historia ya Urusi. Kirusi nacho ni lugha ya maneno yenye maumbo mengi. Nomino moja hubadilika kwa hali na kwa idadi, na kitenzi hubadilika zaidi. Ilya Segalovich na Arkady Volozh walikwisha kushughulika na tatizo hilo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na walipofungua mtambo wa Yandex mwezi wa Septemba 1997, mtambo huo ulijua mofolojia ya Kirusi. Mtafutaji aliandika umbo moja akaletewa na mengineyo. Yandex haikuzaliwa kwa sababu mitambo ya Marekani ilikuwa mibaya, bali kwa sababu ilikuwa mizuri kwa lugha nyingine. Somo hilo lastahili kukumbukwa na kila anayetafuta mtambo wa badala: badala ya kweli huanza katika sarufi.

Je, sarufi ya Kiswahili haikuwahi kutiwa katika mashine? Ilitiwa, tena mapema. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia ya kuchanganua maumbo ya maneno kwa kompyuta katika ngazi mbili, ile ya umbo linaloonekana na ile ya mofimu zilizo chini yake. Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho, aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na kutokana nayo ukajengwa utaratibu uitwao SALAMA. Utaratibu huo hulifungua neno kama tutakapohamia, ukaonyesha nafsi, wakati, kirejeshi, shina na kauli ya kutendea. Kwa msaada wake ulitengenezwa Mkusanyo wa Kiswahili wa Helsinki, ambao toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno yapata milioni 25. Miongoni mwa maandishi yaliyomo mna Majadiliano ya Bunge. Ndiyo kusema kwamba maneno yaliyonenwa Dodoma yalichambuliwa viambishi na mashina katika Ufini. Katika mkusanyo huo mchunguzi aweza kutafuta kwa shina, akaletewa walihama, wasiohama na atakayehama kwa pamoja.

Hata hivyo mkusanyo si mtambo wa kutafutia. Mkusanyo ni ghala iliyofungwa, iliyowekewa wachunguzi. Mtambo wa kutafutia hupokea kila siku kurasa mpya na kumhudumia kila aulizaye. Ujuzi uliomo katika ghala hautoki wenyewe kwenda sokoni.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa atakayetaka kujua haki yake juu ya shamba ataandika pengine kumiliki. Lakini sheria huenda isiseme kumiliki. Huenda ikasema mmiliki, umilikaji, atakayemilikishwa, au wasiomilikishwa. Ikiwa mtambo haujui kwamba maneno hayo ni ukoo mmoja, utamwambia mkulima kwamba hakuna kitu, naye ataamini. Kwa mtu asiye na njia nyingine ya kutafuta, kisichoonekana ni sawa na kisichokuwapo.

Ni kweli kwamba mitambo ya miaka ya karibuni haitafuti tena kwa neno zima peke yake. Google ilianza mwaka 2019 kutumia katika utafutaji wake kielelezo cha lugha kiitwacho BERT, ambacho hulikata neno vipande na kujifunza maana kwa kuangalia maneno yaliyo jirani. Lakini vipande hivyo hukatwa kwa kuhesabu yanayorudiwa sana katika maandishi ambayo mashine imelishwa, wala si kwa kujua mofimu. Lugha yenye maandishi mengi hukatwa vizuri zaidi. Yenye maandishi machache hukatwa popote. Hapo Kiswahili kina hali ya katikati, na lugha nyingi za nyanda za kati zina hali ngumu.

Kigogo chatoa mfano wa kwanza. Wenyewe hukiita Cigogo, na jina la mji wao husimuliwa kwamba latokana na Idodomya, yaani mahali palipodidimia, kwa kisa cha tembo aliyezama katika tope. Umbo lililoandikwa katika ramani na katika kituo cha reli iliyofika huko mwaka 1910 ni Dodoma. Mtafutaji wa umbo moja hana hakika ya kuletewa jingine. Kirangi chaandikwa na baadhi ya watu kwa irabu saba, mbili kati yake zikiwa na mstari uliokata herufi, ɨ na ʉ. Wengine huandika i na u tu. Kisandawe kina shida zaidi. Vidoko vyake huandikwa na wengine kwa alama maalumu za wanaisimu, na wengine kwa herufi za kawaida kama c, q na x. Na yule asiyekuwa na alama hizo hutumia alama ya mshangao, ambayo mitambo mingi huiacha kama alama ya uandishi isiyo na sauti. Hivyo konsonanti nzima huanguka njiani.

Sasa, mtu akitaka kuilinganisha mitambo ya badala, swali la kwanza ni hili: faharasa ni ya nani? DuckDuckGo iliyoanza mwaka 2008 imetegemea kwa sehemu kubwa faharasa ya Bing, mtambo wa Microsoft wa mwaka 2009. Ecosia ya Berlin na Qwant ya Ufaransa nazo ziliitegemea Bing kwa miaka mingi, hata mwaka 2024 zikashirikiana kujenga faharasa yao. Mojeek ya Uingereza na Brave Search ya mwaka 2021 zimejenga zao. Tofauti za faragha na za matangazo ni za kweli, nazo zina thamani. Lakini mwenye kuhama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine wa nyumba ile ile atakikuta Kiswahili kile kile kilichokuwamo. Swali la pili ni kama mtambo hulijua shina, na kipimo chake ni chepesi: aandike hama, kisha wamehama, kisha uhamisho, alinganishe yaletwayo. Swali la tatu ni kama mtambo huyakubali maandishi ya aina mbili ya lugha moja, Kigogo na Cigogo, bila kumlazimisha mwenye lugha achague.

Johnson na wenzake waliamua wenyewe mahali pa kuliweka neno mpishi. Waliokosoana nao baadaye walikosoana kwa hoja za lugha. Katika mitambo ya leo uamuzi kama huo hufanywa kila mara mtu anapouliza, na mara nyingi hufanywa na watu wasiopata kuusikia mjadala huo. Wachanganuzi wa mofimu wapo, kamusi zipo, na Dodoma kuna chuo kikuu tangu mwaka 2007 chenye idara za Kiswahili na za kompyuta. Majadiliano ya Bunge yanenwayo katika mji huo huo yangefaa kuwa shamba la kwanza la kujaribia mtambo unaojua ngeli, ili mkulima wa Kongwa aandikapo kumiliki, aletewe mmiliki.