Grafu ya mahali na wakati

Grafu ya mahali na wakati huonyesha kitu kilikuwa wapi kila wakati wa mwendo wake. Wakati huwekwa kwenye mhimili mlalo, mahali kwenye mhimili wima. Mstari wake si picha ya njia: mkimbiaji wa mita 100 hukimbia uwanja tambarare, lakini grafu yake hupanda.

Kinachosomwa ni mwinamo, yaani badiliko la mahali likigawanywa kwa muda uliotumika. Huo ndio kasimwelekeo. Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, mita 20 za kwanza zilimchukua sekunde 2.89, wastani wa mita 6.9 kwa sekunde. Kati ya mita ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1.61 tu, yaani mita 12.4 kwa sekunde. Basi mstari huanza kwa mpindo, ishara ya mchapuko, kisha hukaribia kunyooka. Mwishoni unalala kidogo: kasi ilishapungua, ingawa kwa macho ni vigumu kuamini.

Mstari mlalo humaanisha kitu kimetulia. Unaoshuka, kinarudi nyuma. Grafu mbili zikikatana, vitu vimekutana mahali pamoja. Wanafunzi wengi hudhani vina kasimwelekeo sawa, lakini kasimwelekeo hulingana pale tu miinamo inapolingana.